Kasa wa baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mvuvi, mlinzi wa viota, mwenye nyumba ya wageni ufukweni, mwalimu wa shule ya pwani na yeyote anayeishi karibu na maji kuanzia Kiunga, kaskazini mwa pwani ya Kenya, hadi Msimbati, kusini mwa Tanzania, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia. Mengine yanahitaji mikono na haraka, kwa hiyo ni vyema kuyasoma kabla kasa hajakufikia.

Tuna kasa wa aina ngapi, na nitawatofautishaje?

Aina tano. Wawili hutaga kwenye fukwe zetu: kasa wa kawaida, ambaye wengi humwita kasa tu, na ng'amba. Watatu waliobaki, yaani duvi, kigome na noa, hupita na kujilisha huku lakini kwa kawaida hutaga kwingine.

Angalia mgongo kwanza. Noa hana magamba. Ana ngozi nyeusi yenye matuta marefu kutoka shingoni hadi mkiani, na ndiye mkubwa kuliko wote. Wengine wana vipande vya gamba. Hesabu vile vya ubavuni, upande mmoja, ukiacha vidogo vya ukingoni. Vikiwa vinne, ni kasa wa kawaida au ng'amba. Vikiwa vitano, na kichwa ni kikubwa, rangi inakaribia udongo mwekundu, ni duvi. Vikiwa sita au zaidi, na mnyama mwenyewe ni mdogo, wa mviringo, wa kijivu, ni kigome.

Kati ya kasa na ng'amba, tazama uso. Ng'amba ana mdomo uliochongoka kama wa mwewe, na vipande vya gamba lake vimelaliana kama vigae vya paa, isipokuwa akizeeka sana. Kasa wa kawaida ana uso mfupi wa duara, na katikati ya macho yake kuna jozi moja tu ya magamba marefu. Ng'amba ana jozi mbili. Hapo huwezi kukosea hata gizani kwa tochi.

Nimesikia kasa ametolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Bado tunamlinda kwa nini?

Ni kweli kwa aina moja. Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimhamisha kasa wa kawaida kutoka kundi la walio hatarini kutoweka hadi kundi la wasiwasi mdogo. Idadi yake duniani imekadiriwa kupanda kwa asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Hii ni habari njema kweli, na imepatikana kwa kazi ya watu: kulinda fukwe, kuacha kuchukua mayai na kupunguza wanaokufa nyavuni. Kisiwa cha Aldabra huko Ushelisheli ni mfano wetu wa karibu. Kasa walichinjwa pale kwa wingi hadi walipopewa ulinzi mwaka 1968, na tangu hapo viota vimeongezeka mara kadhaa.

Lakini hesabu hiyo ni ya dunia nzima. Kasa wanaotaga kisiwa cha Juani huko Mafia, au Watamu huko Kenya, ni wachache, na ufuo mmoja ukimaliza kasa wake haujazwi na kasa wa Australia, kwa sababu jike hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa. Ng'amba bado yuko kundi la hatari kubwa kabisa, hatua moja kabla ya kutoweka porini. Duvi, kigome na noa wamo katika orodha ya walio mashakani. Anayekwambia "kasa wamepona" muulize ni kasa yupi na wa wapi.

Kasa mmoja hutaga mayai zaidi ya mia. Kwa nini basi anapungua?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na jibu lake ni hesabu.

Jike la kasa wa kawaida huanza kutaga akiwa na miaka 20 hadi 40 hivi. Akianza, hutaga viota vitatu hadi vitano kwa msimu, akipumzika kama wiki mbili kati ya kiota na kiota. Kisha hupumzika miaka miwili hadi minne bila kutaga. Kiota kimoja kina mayai kama 110. Chukua viota vinne: mayai 440 kwa msimu. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba katika watoto elfu, mmoja hufikia utu uzima. Maana yake jike huyo anahitaji misimu miwili na zaidi, yaani miaka kama sita au saba, ili apatikane mtoto mmoja tu wa kumrithi, na huyo mmoja anaweza kuwa dume.

Sasa mnase jike huyo kwenye jarife, yaani wavu wa macho makubwa, katika msimu wake wa kwanza. Alisubiri miaka 30 kufika pale, na hakuna aliyeachwa nyuma yake. Ndiyo maana tunasema wazi, hata kama inawaudhi baadhi ya wafadhili: kulinda mayai ni kazi njema na inapendeza kwenye picha, lakini ufuo wenye viota salama na jarife limetandikwa mbele yake ni ndoo iliyotoboka. Kasa mkubwa akitoka hai wavuni ana thamani kuliko viota vingi.

Wazee wetu walikula kasa. Kuna ubaya gani?

Walikula kweli, na kuvua kasa kulikuwa na ufundi wake. Wapo waliofunga kamba kwenye mkia wa chazo, samaki anayejishikiza kwa wanyama wakubwa wa baharini, wakamwachia aende akamng'ang'anie kasa, kisha wakavuta. Hakuna haja ya kuidharau historia hiyo. Siku hizo hapakuwa na nyavu za nailoni zinazolala baharini usiku kucha, wala mashine, wala wavuvi wengi kama sasa.

Ubaya wa kwanza ni sumu. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu inayodhaniwa kutokana na vyakula anavyokula, na hakuna dalili yoyote ya nje: hanuki, hakondi, nyama haibadiliki rangi. Kupika hakuiondoi, wala kuikausha, wala kuitia ndimu. Hakuna dawa ya kuitengua. Hospitali hutibu dalili tu. Machi 2024 huko Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakalazwa. Pemba ilikuwa imeshapata msiba kama huo Novemba 2021, watu 7 wakafariki.

Dalili huanza baada ya saa chache hadi siku kadhaa: kichefuchefu, kutapika, kuhara, kuwaka mdomoni na kooni, vidonda kwenye ulimi, kisha usingizi mzito usioamshika. Watoto ndio huumia zaidi. Mtoto anayenyonya anaweza kudhurika kupitia maziwa ya mama hata kama hakuonja nyama. Aliyekula apelekwe hospitali kabla dalili hazijazidi, na aseme wazi kuwa alikula kasa. Kuficha kwa kuogopa sheria kumewachelewesha watu.

Mafuta ya kasa kwa pumu na mayai yake kwa nguvu za kiume hayana ushahidi wowote wa kitabibu.

Ubaya wa pili ni sheria. Tanzania Bara inakataza kumvua, kumuua, kumuuza au kuchukua mayai yake kwa Sheria ya Uvuvi ya 2003 na Kanuni za 2009. Zanzibar ina sheria yake ya uvuvi inayosema hivyo hivyo. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013.

Kasa amenasa kwenye wavu wangu. Nifanye nini?

Kasa anapumua hewa kama wewe. Akilala kwa utulivu anaweza kukaa chini saa kadhaa, lakini akihangaika wavuni huitumia hewa yake upesi na huzama katika muda mfupi sana. Kwa hiyo kwanza kabisa inua kichwa chake juu ya maji, hata kabla ya kufikiria wavu.

Kumpandisha chomboni, mshike kwa gamba: mkono mmoja mbele, nyuma ya shingo, mwingine nyuma juu ya mkia. Usimvute kwa pezi, maana bega hutenguka na kasa mwenye bega bovu hafiki mbali. Usimvute kwa uzi wa wavu pia. Kata nyuzi zinazobana shingo na mapezi hadi ya mwisho. Uzi mmoja ukibaki kwenye kiwiko cha pezi huendelea kukaza kadiri anavyokua hadi pezi linaoza.

Akiwa mchangamfu, anapiga mapezi na kuinua kichwa kupumua, mrudishe. Weka mashine isiyokamata gia, hakikisha hakuna wavu mwingine karibu, mteremshe kichwa kwanza, na usiondoke mpaka umwone ameshuka.

Akiwa amelegea, usimtupe. Wengi hutupwa wakiwa hai. Gusa kidogo ukingo wa jicho au bana mkia. Akitikisika hata kidogo, yu hai. Asipotikisika, bado mtendee kama aliye hai:

1. Mlaze kwa tumbo, kamwe si kwa mgongo. Akilala chali, matumbo yake hukandamiza mapafu.
2. Inua sehemu ya nyuma kwa sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka boya, kamba zilizokunjwa au gunia chini yake, ili maji yatoke mapafuni.
3. Mweke kivulini, mfunike gamba na mapezi kwa kitambaa kibichi. Usifunike pua.
4. Usimwagie maji usoni na usimweke kwenye beseni la maji. Ataingiza maji tena.
5. Usimkanyage wala kumbonyeza tumbo kwa kudhani unamtoa maji.
6. Kila baada ya saa moja hivi, mwinamishe kidogo upande huu na upande ule, kisha mguse jicho na mkia tena.

Mpe saa 4 kwa uchache, na ukiweza hadi 24. Watu hukata tamaa baada ya dakika 20. Kasa anaweza kupumua mara moja, akanyamaza muda mrefu ukadhani umekwisha, kisha akapumua tena.

Akifa, mripoti kwa BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi) au kamati ya wavuvi ya shehia, afisa uvuvi, au KWS, shirika la wanyamapori, kwa upande wa Kenya. Kasa aliyefia wavuni bila kukusudiwa si sawa na kasa aliyechinjwa, na taarifa yako ya mapema ndiyo inayoonyesha tofauti hiyo.

Nitazuiaje asinase?

Jarife lenye macho makubwa, linalotegwa chini kwa ajili ya papa na taa na kuachwa usiku kucha, ndilo linaloua zaidi. Ukilikagua asubuhi, umeshachelewa kwa kila kasa aliyeingia kabla ya alfajiri. Kaa karibu na wavu na uukague mara kwa mara. Katika msimu wa kutaga usitege mbele ya ufuo wa viota, wala juu ya majani ya bahari, ambako kasa hulisha. Wavu uliochakaa uvute nchi kavu. Ukiuacha majini utaendelea kuvua peke yake, bila faida kwa mtu.

Huko Peru walijaribu kufunga taa ndogo za kijani za LED kwenye kamba ya juu ya nyavu, kila baada ya mita kama 10. Kasa walionaswa walipungua kwa karibu asilimia 64, na samaki waliolengwa hawakupungua. Tatizo ni gharama ya taa na betri. Mvuvi mmoja hazimudu, hivyo ni jambo la kuombewa mradi.

Amemeza ndoana. Niivute?

Usiivute. Ikiwa imeshika mdomoni na unaiona vizuri, kata kidole cha ndoana chenye ncha kwa koleo, kisha itoe kwa njia ilikoingilia. Ikiwa imeshuka kooni, iache na utafute daktari wa mifugo au kituo cha kasa. Kama hakuna msaada, kata mshipi karibu na mdomo kadiri unavyoweza. Mshipi mrefu unaoning'inia ni hatari kuliko ndoana yenyewe: matumbo huuvuta, yanajikunja juu yake kama suruali kwenye uzi wake, na kukatika.

Nimeona nyayo za kasa mchangani asubuhi. Kuna mayai?

Huenda. Jike hupanda, akiona mwanga, mbwa au mchanga mbaya, hugeuka na kurudi bila kutaga. Nyayo zinazopinda kama herufi U bila mchanga uliofukuliwa ni safari ya bure. Penye kiota utaona shimo pana la mwili na mchanga uliorushwa nyuma kwa mapezi, kama mtu aliyelima kwa pupa.

Nyayo zinakuambia pia ni nani. Za kasa wa kawaida zina upana wa karibu mita moja, na alama za kushoto na kulia ziko sambamba kwa sababu husukuma mapezi yote mawili pamoja. Za ng'amba ni sentimita 70 hadi 85, na alama hupishana kama za mtu anayetambaa.

Usichimbe kwa jembe wala kuchoma mchanga kwa mti kutafuta mayai, maana yai moja likipasuka huoza, linaleta funza na kaa, na kiota kizima huharibika. Weka alama ya siri kwa kupima umbali kutoka kwenye miti miwili iliyo karibu, andika tarehe, kisha mwite mlinzi wa viota. Ukishamwonyesha, futa nyayo kwa tawi ili wezi na watalii wasizifuate.

Kasa hutaga mwaka mzima, ila wa kawaida huzidi kuanzia masika hadi kusi inapoingia. Ng'amba hutangulia, wakati wa kaskazi.

Kiota kiko chini sana, bamvua litakifunika. Nihamishe mayai?

Hamisha tu pale ambapo ukiacha yatakufa bila shaka: chini ya mstari wa bamvua kubwa, au ukingo unaobomoka. Kuwahofia wezi peke yake hakutoshi, hapo linda. Kila kuhamisha kunapunguza watakaotoka, hata mikononi mwa fundi.

Muda ndio mtihani. Yai la kasa ni la mviringo, laini, lenye ukubwa wa mpira wa tenisi ya mezani. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda, na doa jeupe huanza kuonekana pale juu na kutanuka. Tangu hapo, ukiligeuza yai, kiinitete kinang'oka na kufa ndani. Hutajua mpaka siku ya kufukua. Hamisha ndani ya saa 2, na isizidi 6. Ukikuta kiota asubuhi na hujui alitaga saa ngapi, nenda taratibu kana kwamba doa limeshatokea: chora alama ndogo juu ya kila yai kwa penseli laini kabla ya kulitoa, na alama ikae juu mpaka mwisho. Yakishapita saa 12, usiyaguse kwa wiki tatu au nne za mwanzo.

Fukua kwa mikono, na kucha ziwe fupi. Ukifika chini, pima kwa mti kutoka usawa wa mchanga wa ufuo hadi sakafu ya kiota, kwa sababu shimo jipya litafuata kipimo hicho. Mara nyingi kasa wa kawaida hufika sentimita 60 hadi 80, ng'amba karibu 45 hadi 50. Weka mayai kwenye ndoo yenye mchanga mbichi wa kiota hicho hicho, yabebe mkononi, usiyapakie kwenye pikipiki. Shimo jipya liwe kama mtungi, shingo nyembamba na tumbo pana, juu ya mstari wa bamvua, mbali na mizizi. Yapange moja moja, rudisha mchanga mbichi kwanza na mkavu juu, shindilia kwa kiganja tu.

Usikimbilie kivuli cha mvinje kwa huruma. Jinsia ya mtoto wa kasa huamuliwa na joto la mchanga: karibu nyuzi 29 za Selsiasi huzaa madume na majike kwa uwiano unaokaribiana, joto zaidi huzaa majike, baridi zaidi huzaa madume. Ukihamishia viota vyote kivulini, au vyote juani, unabadilisha kizazi kizima. Mizizi ya mvinje nayo huingia kiotani na kuyafunga mayai kama kapu.

Mbwa na nguchiro wanafukua viota. Tuweke uzio?

Waya wenye matundu ya sentimita 8 hadi 10, mita moja kwa mita moja, ulazwe chini ya mchanga kidogo juu ya kiota na kuzuiwa pembeni kwa vigingi. Matundu yakiwa madogo kuliko hapo, watoto hunasa. Njia ya pili, ambayo husahauliwa, ni kuondoa mabaki ya samaki na taka za chakula ufukweni. Mbwa haji kwa ajili ya kasa. Huja kwa vichwa vya samaki, kisha ndipo ananusa kiota.

Watoto watatoka lini, na niwasaidie?

Siku 50 hadi 65 baada ya kutagwa, mara nyingi karibu na 55. Wanapanda kutoka chini kwa pamoja kwa siku kadhaa, na kabla hawajatokea mchanga wa juu hubonyea kama bakuli. Ukiona hivyo, hawako mbali. Hutoka usiku, mchanga ukipoa.

Usiwabebe hadi majini. Safari ile fupi juu ya mchanga ni sehemu ya kujifunza kwao. Jike atarudi eneo hilo miaka 30 baadaye. Kazi yako ni kusawazisha njia: fukia mashimo yaliyochimbwa na watoto wakicheza, futa alama za magurudumu, ondoa vitanda na nyavu, zima taa, fukuza kunguru na kaa.

Ukiwakuta wamepotea mchana, waweke kwenye ndoo yenye mchanga mbichi, uifunike iwe giza na baridi, kisha uwaachie magharibi ya siku hiyo hiyo ufukweni. Usiwatie kwenye beseni la maji. Mtoto wa kasa huzaliwa na akiba ya kiini cha yai inayomtosha kuogelea bila kupumzika kwa kama siku nzima, hadi avuke mwamba penye samaki wengi. Akiimalizia kwenye beseni lako, baharini atafika amechoka na ataliwa.

Kiota kimeshatoka. Tufukue lini?

Subiri saa 72 tangu kundi kubwa litoke. Kama hawakutoka kabisa, subiri hadi siku ya 70. Vaa glavu, fanya kazi jioni. Hesabu maganda yaliyobaki zaidi ya nusu ya yai, mayai yasiyoanguliwa, na watoto waliobaki, hai na wafu. Pasua mayai yaliyobaki uone yalikufa mapema au karibu na kutoka. Yaliyokufa mapema yote kwa pamoja huashiria maji kuingia au kuhamishwa vibaya. Fukia maganda mbali na kiota.

Hoteli moja inafuga watoto wa kasa kwenye kidimbwi hadi wakue. Si vizuri?

Nia inaweza kuwa njema, lakini matokeo si mazuri. Watoto wa kasa wakibanana huumana mapezi na kupeana maradhi, na wakilishwa na wageni hujifunza kuwa mtu huleta chakula. Ukimwachia kasa kama huyo, ataogelea moja kwa moja hadi kwenye ngalawa. Msaada halali ni kulinda kiota pale kilipo na kumtibu aliyejeruhiwa kwa kibali, chini ya daktari.

Tuna nyumba ya wageni ufukweni. Taa zetu zina shida gani?

Mtoto wa kasa hufuata upeo ulio angavu zaidi. Kabla ya umeme huo ulikuwa bahari. Taa moja nyeupe ya veranda inatosha kulivuta kiota kizima kuelekea barabarani, na asubuhi unawakuta wamekauka chini ya ukuta. Taa inayoelekea bahari izimwe katika msimu. Inayobidi kubaki iwe chini ya urefu wa mita moja, iwe na kofia inayoshusha mwanga, na iwe ya rangi ya kaharabu au nyekundu, yaani mawimbi ya mwanga yanayozidi nanomita 560. Kufunika taa nyeupe kwa karatasi nyekundu hakutoshi. Pazia pia ni dawa. Mioto ya ufukweni isiwashwe.

Ukuta wa kuzuia mawimbi humfungia jike njia na hula mchanga wa jirani. Tanzania Bara, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ufukweni. Inafaa kuiheshimu hata pale ambapo hakuna anayekagua.

Kasa anaelea, hawezi kuzama. Nimsukume majini?

Hapana. Mara nyingi tumbo lina gesi kwa sababu plastiki imeziba utumbo. Kasa wa aina hiyo halishi, anaungua na jua na hugongwa na boti. Mfunike kitambaa kibichi, mweke kivulini, usimpe chakula wala maji, piga simu. Watamu kuna kituo cha matibabu cha Local Ocean Conservation; Tanzania, Sea Sense wana mtandao wa watu wa vijijini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, lakini ya zamani bado imo majini.

Ana vivimbe kama koliflawa shingoni na machoni.

Ni ugonjwa wa kasa unaohusishwa na virusi, huwapata zaidi wa kawaida, hasa kwenye maji machafu. Usivikate. Nawa mikono na osha vifaa kabla ya kumgusa kasa mwingine. Piga picha, ripoti.

Ana chuma chenye namba kwenye pezi.

Ni alama ya utafiti. Akiwa hai, soma namba na herufi pande zote mbili, piga picha, mwachie na chuma chake. Duvi waliowekewa alama wakitaga kusini, pwani ya KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini, wameshaonekana Tanzania na Kenya. Namba hiyo moja inasema mengi kuhusu bahari nzima.

Nina kitana na bangili za ng'amba za bibi. Niziuze?

Usiuze wala kuvuka nazo mpaka. Gamba la ng'amba lilikuwa bidhaa ya pwani hii kwa karibu miaka 2000, na ndilo lililommaliza. Mkataba wa kimataifa wa CITES unakataza biashara ya kimataifa ya kasa wote wa baharini na mazao yao. Mgeni akikuomba umtafutie, mwambie atakamatwa uwanja wa ndege.

Mvuvi anapata faida gani kasa akiwepo?

Kasa wa kawaida hukata majani ya bahari yakabaki machanga, na humo ndimo tasi na kamba wadogo hukulia. Ng'amba hula sponji zinazogombea nafasi na matumbawe. Mwamba hai ndio wenye changu na pweza. Noa hula viwavi wa baharini, wale laini wanaowasha. Tena mgeni anayelipa kushuhudia watoto wakitoka analipa leo na atalipa msimu ujao, ilmradi fedha zinafika kijijini. Kama haziwafikii wanaokesha na kiota, msishangae ulinzi ukilegea.

Nikipiga simu niseme nini?

Mahali: jina la ufuo na alama iliyo karibu, au picha yenye namba za mahali (GPS) kutoka kwenye simu. Saa. Hai au mfu. Aina, kama unaijua. Urefu wa gamba kutoka shingoni hadi nyuma, kwa kamba au kwa shubiri ikibidi. Jeraha, wavu, ndoana au namba ya chuma. Picha mbili: moja ya mgongo mzima kutoka juu, nyingine ya uso kutoka upande, karibu kiasi cha kuhesabu magamba kati ya macho. Kaa naye hadi mtu afike, na uwazuie watu wasimkalie kupiga picha.